Saa kumi na moja alfajiri: kisa cha mkataba wa hali bora katika halmashauri moja mkoani Tanga

Kisa hiki kinatoka katika halmashauri moja ya mkoa wa Tanga. Jina la mji, miaka na baadhi ya vyeo nimeviondoa au kuvibadili, na chama cha wafanyakazi nitakiita chama, basi. Mimi nilikaa upande wa mwajiri. Niliitwa kuwa mshauri baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo nusu ya kwanza naisimulia kwa kusoma majalada na kusikiliza watu, na nusu ya pili kwa macho yangu. Nimekitumia kufundishia maafisa utumishi na viongozi wa matawi, na kila mara upande mmoja hucheka pale upande wa pili unapoinamisha vichwa.

Usuli

Halmashauri zetu zimebaki na kazi chache za ujenzi kuliko wananchi wanavyodhani. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo, na maji yana mamlaka zake. Kilichobaki ni kile kinachonuka kisipofanywa: kufagia mitaa na masoko, kuzoa taka ngumu, kuendesha dampo, kutunza bustani na kukarabati majengo na magari ya halmashauri yenyewe.

Katika halmashauri hii kazi hiyo ilikuwa ya makundi mawili. Madereva na mafundi walikuwa watumishi wa kudumu, mishahara yao inatoka Hazina. Wapakiaji wa taka, wafagizi na wazibuaji mitaro walikuwa kwenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja, wakilipwa na mapato ya ndani, yaani ushuru, leseni na vizimba. Lori lile lile, basi: anayeshika usukani analipwa na Serikali Kuu, na wanne waliosimama nyuma wanalipwa na ushuru wa soko wanalolisafisha.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nini kinaweza kujadiliwa. Mshahara wa mtumishi wa kudumu hauamuliwi na mkurugenzi. Kima cha chini serikalini hutangazwa kwa nchi nzima, kama Mei Mosi ya 2025 Rais alipotangaza kukipandisha kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Halmashauri ikikaa mezani na chama kuzungumzia kima hicho, wote wawili wanapoteza chai na maandazi. Yaliyo ndani ya uwezo wake ni mpangilio wa zamu, malipo ya saa za ziada, vifaa vya kujikinga, usafiri wa usiku, na masharti ya wale wa mikataba ya muda.

Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya masharti ya kazi kati ya mwajiri na chama, ulikuwapo tayari. Kurasa nne, saini mbili, muhuri wa bluu. Sehemu ya saa za ziada ilikuwa na sentensi moja tu: malipo yatafanyika kwa mujibu wa sheria. Na sheria, kwa kweli, haina kigugumizi hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni kwa maelewano, isipite saa 50 ndani ya wiki nne, na kila saa inalipwa angalau mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5. Ila sheria haikwambii katika ofisi yako nani anatoa amri ya mtu kubaki kazini, nani anaandika, na kifungu gani cha bajeti kinalipa. Hayo ndiyo mkataba ulipaswa kuyasema, nao ulinyamaza.

Yaliyotokea

Soko lina saa zake. Taka lazima ziondoke kabla wachuuzi hawajatandika, la sivyo lori halipiti. Kwa miaka mingi wapakiaji walianza saa 11 alfajiri na kutoka saa 8 mchana, siku sita kwa wiki. Hakuna barua iliyowahi kuwaambia hivyo. Karatasi zao za mkataba zilisema saa za ofisi: 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Mazoea yalianza kama hisani, yakakomaa yakawa wajibu.

Mtafaruku uliletwa na masika mbili zilizofuatana. Mvua za Mei Pwani hii tunazijua. Mitaro iliziba, maji yakaingia madukani, na simu zikaanza kulia saa 4 usiku: njooni na majembe. Watu walikwenda. Waliambiwa majina yaandikwe kwenye daftari la msimamizi, malipo yatakuja. Daftari lilikuwa la shule, la kurasa 96. Masika ya kwanza lililowa. Masika ya pili msimamizi alihamishwa na daftari halikuonekana tena.

Madai yalipofika kwa mweka hazina yalirudi na sababu tatu: hakuna amri ya maandishi, hakuna kifungu chenye fedha, na mvua ni dharura. Sababu ya tatu nilipoisoma nilisikitika. Ni kweli sheria inalegeza ukomo wa saa na sharti la maelewano pale kazi inapokuwa ya dharura isiyoweza kufanyika saa za kawaida. Lakini kulegeza ukomo si kufuta malipo. Aliyesoma nusu ya kwanza ya ukurasa ndiye aliyemwandikia mweka hazina jibu lile.

Jumatatu moja, msimu wa machungwa, wapakiaji wote wa soko walifika kazini saa 1:30 asubuhi. Hakuna bango, hakuna wimbo. Walisaini, wakavaa, wakaenda sokoni, wakakuta wachuuzi wameshatandika na lori halina pa kupita. Kufika saa 5 lundo la maganda na vichwa vya samaki lilikuwa limepata jua la kutosha, na simu ya mkurugenzi ilikuwa imejaa madiwani.

Barua kumi na moja

Uamuzi wa kwanza wa mwajiri ulikuwa kuandika barua za kujieleza kwa watu kumi na moja wa malori mawili ya soko. Nimeuliza baadaye kwa nini kumi na moja na kwa nini siku ile ile. Jibu la kweli, lililotolewa mlangoni baada ya kikao kwisha, ni kwamba ilitakiwa ionekane hatua imechukuliwa kabla kamati ya fedha haijakaa.

Hoja ya kisheria ilitafutwa nyuma ya uamuzi. Maji na usafi wa mazingira ni miongoni mwa huduma muhimu ambazo sheria inazizuia kugoma, kwa hiyo, ilisemwa, hawa wamegoma mahali pasipogomewa. Kama kuzoa taka za soko kunaingia ndani ya maneno hayo ni suala lenye mjadala, na ipo Kamati ya Huduma Muhimu inayoweza kuulizwa. Lakini mjadala huo ulikuwa wa mbali sana. Kabla ya kuuliza kama mgomo umekatazwa, sharti kwanza uwepo mgomo, na hawa walikuwa wamefika kazini kwa saa iliyoandikwa na mwajiri mwenyewe.

Wahusika wanakumbuka zaidi namna barua zilivyopelekwa. Afisa utumishi alikuwa kijana, mgeni mjini. Katika orodha liliingia kimakosa jina la mama mmoja mfagizi, mtu wa kwenye mitaa asiyepanda lori, kwa sababu jina la baba yake lilifanana na la mpakiaji. Kijana akamfuata, akamkuta na ufagio mkononi, akamwamkia shikamoo kama adabu inavyotaka, akampa barua. Mama akaitikia marahaba, akaisoma polepole, akasema: "Mwanangu, sisi hatujagoma. Tumekuja kwa saa yako."

Majibu kumi na moja yalirudi yote kwa mwandiko mmoja na sentensi moja. Nilifika kazini saa 1:30 asubuhi kama mkataba wangu unavyosema.

Kabla ya hapo chama kilikuwa na nguvu zaidi kwa makarani kuliko kwa watu wa taka. Wengi wa mikataba ya muda waliona ada ni hasara kwa mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo. Barua ziliwafanyia kampeni. Ndani ya wiki chache fomu za kuruhusu makato ya ada zilifika ofisini kwa mafungu, na chama kikawa na wengi katika kitengo hicho chenyewe, zaidi ya wanachama mia. Chenye wengi ndicho sheria inachomtaka mwajiri akitambue kuwa mwakilishi pekee wa majadiliano. Baada ya notisi ya chama, mwajiri alikuwa na siku 30 za kukutana nacho.

Hapo ndipo nilipoitwa.

Mezani

Ombi langu la kwanza lilikuwa barua zifutwe, kwa maandishi, kabla ya kikao. Halikupendwa. Mkurugenzi alihofia kuonekana amerudi nyuma. Nilimwambia barua isiyoweza kufikishwa mwisho ni deni linalozaa riba, naye, kwa sifa yake, akazifuta. Yule mama mfagizi alipelekewa yake peke yake, na safari hii aliyeipeleka alikuwa mkuu wa idara.

Ombi la pili liligusa leja. Sheria inamtaka mwajiri aliyekitambua chama akipe taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Wenzangu walitaka kutoa jumla tu: mapato kiasi hiki, matumizi kiasi hiki. Nikashauri tufungue kurasa za mapato ya ndani zote, pamoja na mafuta na matengenezo ya magari. Nauhesabu huu kuwa uamuzi bora tuliofanya. Upande wa pili ulikuwa na dereva mzee aliyeanza kazi enzi za JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi ya wakati wa chama kimoja, mtu wa maneno machache. Alipitisha kidole kwenye ukurasa wa mafuta, akasimama mahali, akaniuliza: "Bosi, gari hili mwezi huo lilikuwa juu ya mawe. Liliyanywaje?" Hatukuwa na jibu siku hiyo. Lakini kuanzia hapo madai ya chama yalipangwa kwa vifungu, na dai la nyongeza ya mshahara kwa wote likaondolewa na wao wenyewe, maana waliona ni lipi linawezekana na lipi ni la Dodoma.

Suala la alfajiri lilitatuliwa kwa kubadili zamu badala ya kuongeza malipo. Zamu mpya ya soko: saa 11 alfajiri hadi saa 7 mchana, na mapumziko ya saa nzima kuanzia saa 3 asubuhi, lori limezimwa. Hiyo ni saa 42 kwa wiki, chini ya 45. Saa ya kwanza, ya kabla ya saa 12, ni usiku kisheria, kwa hiyo ina nyongeza yake ya asilimia 5. Ni pesa ndogo. Chama kiliing'ang'ania kuliko mambo mengine makubwa, na nadhani nilielewa: kwa miaka mingi saa ile haikuwa imeandikwa popote.

Malimbikizo yalitutoa jasho. Chama kilisema saa 9 kwa siku mara siku sita ni 54, kwa hiyo 9 za ziada kila wiki. Mweka hazina akakata saa moja ya mapumziko kila siku, akabaki na 48, kwa hiyo 3. Chama kikauliza mapumziko hayo yalifanyika wapi, juu ya lundo? Tungebaki hapo hadi leo kama dereva mzee hangekumbusha kitabu cha safari za gari. Kila lori linacho: saa ya kutoka, saa ya kurudi, kilomita, mafuta, saini. Tulichukua vitabu vya masika zote mbili tukavisoma siku nzima. Vilionyesha kwamba kati ya safari na safari palikuwa na nafasi ya nusu saa hivi, si saa nzima, na tukakutana kwenye saa 6 kwa wiki. Vilionyesha pia zile safari za usiku wa mvua, tarehe na saa, ambazo daftari la shule lilizipoteza.

Kwa simu za usiku tuliandika kifungu kifupi. Amri inatoka kwa mkuu wa kitengo kwa ujumbe wa simu wenye majina, ujumbe unabandikwa kwenye jalada siku inayofuata, na malipo yanaingia mwezi unaofuata. Asiyetajwa kwenye ujumbe halazimiki kutoka nyumbani. Gambuti, glavu na makoti ya mvua hutolewa kabla ya Machi, maana mwaka uliotangulia yalifika Juni.

Mitaro ilichukua kikao kizima, na kilikuwa kikao cha kuchosha. Mtaro wa barabara ni wa wakala wa barabara, taka zilizomo ni za halmashauri, na mchanga ni wa nani? Tuliandika kwamba wafanyakazi wetu wanaondoa taka zinazoelea na zilizonasa, na kuchimbua mchanga si kazi yao mpaka kuwe na makubaliano ya maandishi kati ya ofisi hizo mbili. Masika iliyofuata mtu mmoja alisimama mtaroni na reki akibishana kuhusu mfuko wa nailoni uliojaa mchanga. Sikuwa na la kumsaidia.

Baada ya saini

Tulisaini Juni, nakala ikapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Tulipiga picha. Hakuna hata mmoja wetu mezani aliyetaja kalenda, nami nikiwamo, na mimi ndiye niliyelipwa kukumbuka.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bajeti ya halmashauri huandaliwa na kupitishwa na madiwani miezi kadhaa kabla, ili iwahi kupanda ngazi za juu na kufika Bungeni. Mkataba wetu ulizaliwa wakati bajeti ya mwaka unaokuja imeshafungwa bila kifungu cha nyongeza ya usiku wala malimbikizo. Julai hakikulipwa kitu. Agosti vivyo hivyo. Mkurugenzi aliyesaini akahamishwa. Usemi wa Tanga wa waja leo waondoka leo huwa tunauchekea, ila siku hiyo haukuchekesha: aliyekuja alikuta mkataba wenye saini isiyo yake na bajeti isiyo na nafasi.

Vuli ilipoanza kunyesha, chama kilikuwa na sababu zote za kurudi kwenye saa 1:30. Hakikurudi. Kilipeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Tanga mjini, kikidai utekelezaji wa mkataba. Kabla ya tarehe ya kusikilizwa, mkurugenzi mpya aliomba na kupata kibali cha kuhamisha fedha kutoka kifungu cha matengenezo ya magari. Malimbikizo yakalipwa kwa awamu mbili, na shauri likaondolewa.

Masika ya mwaka uliofuata simu za usiku zilipungua sana. Mvua haikuwa ndogo. Mkuu wa kitengo sasa alilazimika kuandika majina kwa kidole chake, akijua kila jina lina bei, akaanza kuzibua mitaro Februari.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa kimeshaonekana: kufutwa kwa barua, leja kufunguliwa, na ushahidi kutafutwa kwenye karatasi ambayo hakuna upande ulioiandika kwa ajili ya ugomvi. Ningeongeza subira ya chama wakati wa vuli. Viongozi wake walipata lawama kali tawini kwa kwenda Tume badala ya kusimamisha kazi. Nilikuwa upande wa pili, na nasema wazi kwamba mkurugenzi mpya asingepata kibali kile haraka kama soko lingekuwa linanuka, kwa sababu ofisi nzima ingekuwa inaandika barua za kujieleza.

Kosa la kalenda ni la wote. Mabaraza ya wafanyakazi yapo tangu Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, na moja ya kazi zake ni kupitia bajeti kabla haijapanda. Baraza la halmashauri hii lilikaa na kuipitia. Lakini wajumbe wake walitoka kwa watumishi wa kudumu. Hakuna mpakiaji aliyekuwamo, na hakuna aliyeuliza alfajiri inalipwa na kifungu gani. Leo nikiitwa mahali, huuliza kwanza tarehe ya kikao cha baraza, halafu nahesabu kurudi nyuma.

Chama nacho kiliacha mlango wazi. Mkataba haukusema neno kuhusu kazi kutolewa nje. Mwaka huo huo halmashauri iliwapa vikundi vya usafi mitaa ya kata mbili. Hakuna aliyefukuzwa. Mikataba ya mwaka ilipokwisha, baadhi haikuhuishwa, na hakukuwa na kifungu cha kushika.

Nisilolisamehe, na hapa najisema mwenyewe, ni wafagizi. Tulilipa malimbikizo kwa kusoma vitabu vya malori. Mfagizi hana lori. Anatoka kwake kabla ya adhana ya alfajiri, anamaliza mtaa wake, hakuna kitabu kinachomwandika. Walikuwa wanawake karibu wote, nao pia waliitwa usiku wa mvua. Tulipofika kwao tulisema ushahidi hautoshi, wakapata zamu mpya na nyongeza ya mbele, lakini ya nyuma hawakupata hata senti. Penye wanachama zaidi ya mia, sheria inataka wawakilishi kumi na tano tawini, na angalau watano wawe wa kuwawakilisha wanawake. Tawi lile lilikuwa na wawili, na siku ya kusoma vitabu hakuna aliyekuwapo hata mmoja. Sisi wa mwajiri tuliliona pengo hilo, tukanyamaza, kwa sababu lilikuwa linatupunguzia deni.

Mkataba unaisha Juni ijayo. Yule mama aliyepewa barua kimakosa sasa ni mwakilishi wa tawi. Ana daftari lake mwenyewe, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe, na kila Ijumaa hulipeleka kwa mtendaji wa mtaa likagongwe muhuri.